Farasi Asiyejua Kukataa

Jumamosi, 16 Mei 2015

Zizini tena. Kiti cha kukunja, viatu matope matupu, chai imepoa. Binti yangu Zuhura anazunguka na farasi wake, Biskuti. Kushoto, kulia, simama, rudi nyuma. Hii ni sehemu ya kwanza ya mchezo wao, mimi naiita adabu. Ya pili ni pori: farasi anakimbia mashambani na kuruka magogo na mitaro. Ya tatu ni viunzi vya uwanjani. Kiunzi kikiguswa kinaanguka, yanaisha. Gogo la porini halianguki. Anayeanguka ni farasi.

Adabu naipenda. Viunzi navivumilia. Pori linaninyima usingizi.

Watoto wengine hapa Gahanna, Ohio, wana farasi warefu, wembamba, wa kupigia picha. Wetu ni kobu. Mfupi, mnene, kifua kama kabati la vyombo, manyoya yamemfunika kwato kama suruali iliyozidi urefu. Mama mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama huyu si wa kuvuta gari. Nikamwambia alikuwa anavuta. Ndiyo kweli yenyewe. Idi, mume wangu, anafanya kazi kiwandani kule Tonawanda, karibu na Buffalo, na nyumbani anakuja wiki moja ndiyo, moja hapana. Huko alimwona kwa mzee mmoja, anavuta kigari cha theluji. Akanunua. Akanipigia simu anacheka, eti mtoto kapata farasi. Sikuulizwa. Mpaka leo hasira ninayo.

Jumatano, 27 Mei

Mama mkwe kafika kutoka Tanga. Safari ndefu, miguu imevimba, ulimi uko palepale. Kaniangalia kuanzia juu mpaka chini, kasema nimekonda. Zuhura akamwita ‘mke mwenzangu’, utani wao wa bibi na mjukuu. Wamecheka mpaka machozi. Zuhura anamsikiliza bibi yake kuliko mtu yeyote, ingawa anamjibu kwa Kiingereza nusu. Mimi ananijibu Kiingereza kizima.

Jumapili, 7 Juni

Leo nimemuuliza Dana, mwalimu wa Zuhura, swali nililolibeba toka majira ya baridi. Huyu farasi anafaa au hafai?

Hakuzunguka. Kwa daraja la chini kabisa, anafaa. Ana nguvu, ana moyo, hashtuki ovyo, anaruka safi. Lakini hakuumbwa kwa mbio ndefu. Hatua fupi, mwili mzito, joto likimwingia halitoki upesi. Muda uliowekwa wa porini utampiga chenga.

Nikadhani amemaliza. Akasema lililo baya ni jingine. Farasi mwembamba akichoka anagoma, anakata kona, unajua. Huyu hagomi. Ukimwonyesha gogo ataruka tu, hata kama miguu haimbebi tena. Na farasi aliyechoka hanyanyui miguu vizuri. Anaweza kujikwaa kwenye gogo akapinduka na mtu chini yake. Kwa hiyo wa kukataa lazima awe mpanda farasi. Ananyoosha mkono juu, anashuka, anarudi kwa miguu. Inaruhusiwa. Haina aibu.

Zuhura alikuwepo. Akasema yeye hatasimama hata siku moja.

Ana miaka kumi na mitano. Ukaidi ni wangu, sina wa kumsingizia.

Jumatatu, 8 Juni

Kazini nimeharibu meno ya mtu. Natengeneza meno ya bandia, kazi ya mkono mtulivu. Leo mkono haukuwa mtulivu. Namwona Zuhura chini ya lile kabati la farasi.

Nimempa sharti. Nitatia sahihi ya ruhusa ya mashindano siku nitakayoona mwenyewe kwamba anaweza kumsimamisha farasi wake. Si kumkimbiza. Kumsimamisha. Kafunga mlango wa chumba kwa kishindo. Sawa.

Alhamisi, 18 Juni

Ramadhani mosi. Mchana wa hapa hauna huruma, jua limekataa kuzama. Idi kapiga simu kutoka Buffalo, sauti kama ya mgonjwa. Nimemcheka.

Zuhura anafunga, kwa hiyo hapandi. Anamtembeza Biskuti kwa kamba tu. Bibi kaomba kwenda naye, nyumbani anachoka na kuta. Zizini kuna miti na kivuli. Nimewashusha wote wawili, nimewachukua alasiri, na ndivyo itakavyokuwa kila siku. Bibi kafurahi. Kitu kimoja tu kimemuudhi: kile kikapu wanachomfunga Biskuti mdomoni akiwa malishoni. Nimemweleza kwamba kobu wananenepa kwa kutazama nyasi tu, na nyasi nyingi ni ugonjwa kwao. Kaniitikia. Uso haukuitikia.

Jumatatu, 29 Juni

Dana kanivuta pembeni. Biskuti anaongezeka. Shingo imekuwa ngumu kama ya beberu. Kauliza kama Zuhura anampa vitamu kwa siri. Tufaha, sukari.

Nimemuuliza Zuhura garini. Kakana. Nikauliza tena, kwa ukali. Kakana tena, halafu akageukia dirisha. Bibi kiti cha nyuma anavuta tasbihi. Simwamini Zuhura. Mtoto na mnyama wake, nani atajizuia?

Jumamosi, 4 Julai

Sikukuu yao. Fataki zimeanza mapema, hata giza halijaingia. Farasi wote wanaruka huku na huko mazizini. Biskuti hakusogea. Kasimama miguu ya mbele kaitupa mbele, uzito wote kaurudisha nyuma, kama mtu aliyekanyaga makaa. Dana kamshika kwato. Za moto. Akaniambia nizishike. Nimezishika. Za moto kweli.

Daktari wa mifugo yuko mbali kwa ajili ya sikukuu. Atakuja kesho. Tumemsimamisha Biskuti kwenye ndoo za maji ya barafu. Zuhura kakaa chini matopeni kashikilia ndoo. Nimefuturu tende moja na maji palepale.

Nimemtazama binti yangu nikasema moyoni, umemuua kwa mapenzi. Namshukuru Mungu sikusema kwa mdomo.

Jumapili, 5 Julai

Daktari kaja. Ni ugonjwa wa kwato, unatokana na sukari. Kobu na wenzao wanene hupatwa nao upesi. Umewahiwa, mfupa wa ndani haujasogea. Tungechelewa siku chache, angechomwa sindano ya mwisho, ya kumlaza milele.

Halafu kapekua majani ya kulalia, kainuka na kitu kidoleni. Kakigeuza kwenye mwanga. Kauliza ni nini hiki. Dana hajui. Zuhura katazama, kisha kanitazama mimi.

Kokwa ya tende.

Chini ya ndoo ya chakula zimejaa.

Ohio nzima, na kokwa za tende zimo ndani ya zizi la farasi wetu. Nilitamani ardhi inimeze. Nimesema najua ni nini, nitashughulikia.

Jumatatu, 6 Julai

Unaanzaje kumwambia mama mkwe? Nimempigia Idi, nikamwambia aseme yeye, ni mama yake. Kasema mimi niko karibu zaidi. Mwanaume hodari wa kununua farasi.

Nimesema mwenyewe, jikoni, tunakanda unga. Bibi hakukana hata kidogo. Kasema, "Mwanangu, nilimwona kafungwa mdomo mchana kutwa, na hasemi. Nikasema huyu naye kafunga. Aliyefunga utamwachaje bila futari?"

Kila alasiri kabla sijawachukua, alikuwa anapita zizini na mfuko wake. Tende, vipande vya mkate, siku nyingine kaimati. Anaviweka kwenye ndoo. Jioni wafanyakazi wakimwingiza Biskuti na kumvua kikapu, anakuta kaandaliwa. Kumfuturisha aliyefunga ni thawabu, hilo hata mimi nalijua.

Nimemweleza yote. Kwato, sukari, sindano. Mikono yake ikasimama kwenye unga.

Kauliza, "Mbona hakukataa?"

Nikamwambia, "Hajui kukataa, mama."

Hakula futari. Nina hasira naye na ninamwonea huruma, vyote kwa pamoja, na vyote vimenichosha. Nimemwomba Zuhura radhi. Kanikumbatia, halafu kaenda kulala chumbani kwa bibi yake.

Ijumaa, 17 Julai

Idi. Idi yuko nyumbani, kaja na zawadi za kutoka Buffalo kwa ajili ya sikukuu, koti la kiwandani bado mgongoni. Biriani imekubali. Tumekwenda wote kumwona Biskuti. Bado yuko ndani, hatoki, ila kwato zimepoa. Bibi kabaki garini. Nimemwita, kakataa. Kasema hana uso wa kumtazama.

Jumanne, 11 Agosti

Biskuti anatembea. Nyasi kavu anazokula zinalowekwa kwanza kutoa sukari. Kakonda hata kanipendeza. Daktari kasema akiendelea hivi, mwezi wa kumi anaweza kujaribu mashindano madogo kule karibu na Louisville, daraja la chini kabisa. Anaweza, kasema. Hakusema atafaa.

Zuhura katundika tarehe ukutani. Mimi sijatia sahihi popote.

Jumapili, 20 Septemba

Mazoezi ya pori, magogo madogo. Biskuti alianza vizuri. Mzunguko wa pili jasho likamgeuka povu, mdomo wazi. Dana akapaza sauti asimame. Zuhura hakusimama. Akamwelekeza kwenye gogo la mwisho. Na yule mnyama, masikio mbele, akaruka.

Goti likagonga. Alijikwaa akainuka. Zuhura akapita juu ya shingo, akaangukia bega.

Hakuvunjika. Ushungi ulitoka ndani ya kofia, uso wote vumbi. Kitu cha kwanza alichosema, kwa Kiingereza chake, ni kwamba alikuwa amebakiza gogo moja tu.

Moja tu! Nimemsema mbele ya watu. Nimesema maneno ya uswahilini ambayo sijayatumia tangu nilipokuwa msichana. Dana haelewi Kiswahili lakini aliyaelewa yote.

Nyumbani bibi kamkanda bega kwa mafuta. Kasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Zuhura hakucheka.

Jumatano, 23 Septemba

Sitii sahihi. Nimemwambia Idi. Kasema namkatisha mtoto tamaa. Nikamwambia aje yeye ashike kiti cha kukunja atazame. Kasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kwangu, ndiye mimi ninayemkatalia! Anaitumia upande usiofaa. Nimekata simu.

Alhamisi, 24 Septemba

Sikukuu ya kuchinja. Baada ya sala nimewakuta Zuhura na bibi yake uani. Bibi ndiye anayesema. Sikujificha, nimesimama tu na sahani.

Anamwambia, "Mimi nilimpa, naye akala. Wewe unamwonyesha gogo, naye anaruka. Kosa letu ni moja, mke mwenzangu. Tumependa mtu asiyejua kusema basi."

Zuhura kainama, anakwangua rangi ya kucha.

Nimerudi ndani na sahani yangu.

Alhamisi, 1 Oktoba

Nimetia sahihi. Sijui kwa nini. Zuhura hakuniomba. Labda ndiyo sababu.

Nimejuta papo hapo.

Ijumaa, 9 Oktoba

Louisville. Idi kaendesha gari kutoka Buffalo mpaka kwetu jana, leo kaendesha tena huku, macho mekundu. Dana kamleta Biskuti kwenye tela. Mvua njia nzima, bibi kiti cha nyuma. Tumefika, uwanja ni tope. Dana katembea njia ya porini na Zuhura kwa miguu, gogo baada ya gogo. Amerudi hana tabasamu. Ardhi nzito, kasema. Farasi mwepesi anaipita juu juu. Mzito inamnyonya nguvu.

Nimemwuliza Dana kama tuwaondoe. Kasema wengi watakimbia, daraja hili ni dogo, uamuzi ni wetu. Idi kasema tumefika mbali. Nimemtazama Zuhura. Anasuka mkia wa Biskuti, hanitazami.



Jumamosi, 10 Oktoba

Naandika hotelini, nguo bado zimelowa.

Asubuhi adabu. Kamaliza wa tatu. Wa tatu, yule kabati, kati ya farasi wa picha! Idi kapiga makofi mpaka akakanywa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa sawasawa. Mtu aliye wa mwisho hana cha kupoteza; wa tatu anacho, hatasimama.

Mchana pori. Bibi alibaki garini na tasbihi, mvua inapiga vioo. Mimi na Idi tulisimama kwenye uzio. Tunaona mwanzo, magogo mawili, kisha njia inaingia nyuma ya miti. Baada ya hapo ni kipaza sauti tu. Mtangazaji anasoma namba, anasema nani kavuka wapi.

Namba ya Zuhura imeondoka vizuri. La kwanza. La pili. Wakaingia nyuma ya miti. Matope yanaruka nyuma ya zile kwato pana. Mtangazaji akasema wamevuka la nne, la tano. Akasema huyu mfupi anapendeza. Idi akanishika mkono. Wamevuka la sita, la saba. Kidimbwi cha maji wamekipita.

Halafu akataja namba nyingine. Na nyingine. Yetu hakuitaja.

Nilimwuliza Idi kama amesikia la nane. Hakusikia. Gari la msaada likawashwa taa, likaenda upande wa miti.

Mtangazaji akasema farasi mmoja amesimama njiani. Hakusema kwa nini.

Nilikimbia. Niliruka kamba, mtu akaniita, sikugeuka. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, sikukirudia. Njia nzima nilikuwa naona kitu kimoja. Kile kile nilichokiona toka mwezi wa sita: Zuhura chini ya farasi. Nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa, nazichanganya, mwanzo wa hii na mwisho wa ile.

Nyuma ya miti nikawaona.

Wanatembea. Wote wawili kwa miguu. Zuhura mbele kashika hatamu, tandiko kalilegeza, farasi nyuma yake anapumua mpaka mbavu zinaonekana. Gari la msaada linawafuata polepole, halina kazi. Biskuti masikio bado mbele, anatazama upande wa gogo la nane.

Zuhura analia. Nilidhani kaumia. Nikamshika mabega, uso, mikono. Hakuumia.

Akasema, kwa Kiswahili, "Alijikwaa kidogo akitoka majini, mama. Halafu akaliona gogo akataka kwenda. Angeruka tu. Nikanyoosha mkono."

Sijui nilisema nini. Idi alitukuta hapo, kiatu changu mkononi.

Walishamtoa kwenye mashindano. Hana nafasi ya tatu wala ya mwisho. Zuhura kalia njia nzima ya kurudi mazizini, machozi ya hasira, sikumnyamazisha. Tulipita kwenye gari letu. Bibi akashusha kioo, akawatazama, mtu na farasi.

"Kagoma?"

"Nimegoma mimi, bibi," Zuhura akamwambia.

Bibi akapandisha kioo. Nimemwona akifuta macho kwa pembe ya khanga.

Jumapili, 11 Oktoba

Tumerudi. Daktari kapapasa kwato zote. Zimepoa. Idi kalala kama gogo, kesho alfajiri anarudi Buffalo. Dana kanipigia. Kasema swali langu la mwezi wa sita sasa ana jibu zaidi: siku kavu, ya baridi, njia fupi, kobu huyu atamaliza vizuri tu. Siku ya tope, la. Mengine yanategemea nani yuko juu yake.

Nimelala mchana, kitu nisichokifanya.

Jumapili, 1 Novemba

Bibi anaondoka wiki hii. Masanduku yamejaa, bado anatafuta nafasi ya sufuria. Leo kaomba mwenyewe kwenda zizini. Tangu Julai hakuwahi kushuka garini.

Baridi imeanza. Biskuti ameota manyoya ya majira ya baridi, anaonekana mnene tena, ila Zuhura kasema ni manyoya tu. Amepanga mwakani wafanye adabu na viunzi, pori waone siku ilivyo. Kalisema kwa kawaida, anapiga brashi.

Bibi alikwenda mpaka mlangoni. Biskuti akamtambua. Akatoa kichwa nje, akaanza kunusa mfuko wa koti, kisha mikono, kisha mfuko tena.

Bibi akamfungulia viganja vyote viwili, vitupu, akamwonyesha. Akasimama hivyo mpaka yule mnyama akaacha kutafuta, akamwekea pua mkononi.

Tukarudi nyumbani. Nimepika wali na maharage.